Niliutoa muziki wangu kwenye simu

Albamu niliyokuwa nikiisikiliza kwa miaka minne kwenye huduma ya muziki ya mtandaoni ilififia siku moja bila taarifa. Majina ya nyimbo yalikuwa bado kwenye orodha, ila yamekuwa ya kijivu, na kila nilipoyagusa hayakuitika. Malipo ya mwezi ule nilikuwa nimelipa kama kawaida. Niliwaandikia wenye huduma, wakanijibu kwamba mkataba wao na wenye haki za nyimbo hizo umekwisha. Jibu lilikuwa la heshima na halikunirudishia kitu. Ndipo nilipong'amua kwamba miaka yote ile nilikuwa mpangaji ndani ya muziki niliodhani ni wangu.

Leo sebuleni kwangu kuna kikasha cha kupigia muziki, kinachoenea kwenye kiganja. Hakina skrini. Ndani yake kuna kompyuta ndogo ya bodi moja, Raspberry Pi, na nyuma zinatoka nyaya: wa umeme, na mbili za sauti zinazoingia kwenye amplifaya ya zamani. Kinavuta nyimbo kutoka kwenye diski iliyo chumba kingine, kwa mtandao wa humu ndani, na intaneti ikikatika hakitetereki. Watu wengi wakizungumzia vifaa hivi huanza na ubora wa sauti. Mimi naanza na umiliki, kwa kuwa naamini hiyo ndiyo sababu nzito ya kujitengenezea. Kicheza muziki kizuri ni kile kitakachoendelea kupiga hata kama walioandika programu yake watafunga milango kesho.

Hili silisemi kwa kubahatisha. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, ilitoa kifaa kilichoitwa SLIMP3, kilichopiga nyimbo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani kupitia mtandao. Ndugu zake waliofuata wakaitwa Squeezebox. Logitech iliinunua kampuni hiyo mwaka 2006, na mwaka 2012 ikaachana na vifaa hivyo. Mwaka 2024 hata huduma yake ya mtandaoni ikazimwa. Kwa desturi ya vifaa vya siku hizi, hapo hadithi ingeishia jalalani. Haikuishia huko, kwa sababu seva yake, yaani programu inayokigawia kifaa nyimbo, ilikuwa inakaa nyumbani kwa mwenye kifaa, na msimbo wake ulikuwa wazi tangu mwanzo. Watu wa kujitolea waliichukua, wakaitunza, na sasa inaitwa Lyrion Music Server. Masanduku ya miaka ishirini iliyopita bado yanaimba kwa sababu yake.

Na ni mwaka uleule wa 2012, tarehe 29 Februari, Raspberry Pi ya kwanza ilipoingia sokoni. Bodi hiyo ikiwekewa programu ndogo ya piCorePlayer, seva ile ya zamani inaitambua kama Squeezebox nyingine. Huo ndio mpangilio ninaoutumia. Zipo programu nyingine nzuri. Volumio na moOde zote mbili zimejengwa juu ya MPD, kicheza muziki kilichoanza mwaka 2003, na ukipenda kurasa zenye picha kubwa za majalada utazifurahia. Swali langu kwa kila mojawapo ni lilelile: ikikosa intaneti mwezi mzima, itapiga? Ikitaka nifungue akaunti kwanza ndipo inisomee diski yangu mwenyewe, naiacha.

Kuhusu bodi yenyewe, nasema kwa mkazo: usinunue ile yenye nguvu kuliko zote. Kufungua faili la muziki ni kazi nyepesi. Raspberry Pi Zero 2 W ya mwaka 2021, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, inaimudu bila kutokwa jasho. Bodi kubwa inakula umeme zaidi, inapata joto zaidi, na joto hilo mara nyingi linadai feni. Feni inayovuma kando ya spika ni kosa lisilo na utetezi. Jambo moja tu la kukumbuka: hiyo Zero huuzwa kwa kawaida bila pini zake kuchomelewa, hivyo ama ushike chuma cha kulehemu au utafute iliyokwisha kuchomelewa.

Pini hizo ndizo mlango wa sauti. Sauti ya tundu la hedifoni kwenye bodi za zamani za Raspberry Pi inapatikana kwa ujanja: bodi inawasha na kuzima umeme haraka mno, kisha saketi ndogo inalainisha mapigo hayo yafanane na wimbi la sauti. Kwa tangazo la redio inatosha. Kwa wimbo wenye gitaa peke yake utasikia mchakacho nyuma ya kila nyuzi. Zero haina tundu hilo kabisa, na Raspberry Pi 5 nayo imeliacha. Dawa yake ni DAC, chipu inayogeuza namba kuwa sauti, iliyo kwenye bodi nyingine ndogo inayokaa juu ya zile pini. Namba zinapita kwa njia iitwayo I2S, ambayo Philips waliibuni mwaka 1986: waya mmoja unatoa mapigo ya saa, mwingine unasema hii ni ya kushoto au ya kulia, na wa tatu unabeba namba zenyewe. Unachagua jina la bodi hiyo ndogo kwenye ukurasa wa mipangilio, unawasha upya, basi. Bodi ya DAC yenye chipu ya kawaida kama PCM5102 inanitosha kabisa. Nimekaa na watu wanaobadilisha DAC kila mwaka huku spika zao zikiwa zimesukumwa nyuma ya kochi. Spika zitoe nje, ziweke usawa wa masikio, utasikia tofauti ambayo hakuna chipu itakayokupa.

Sifa za sauti ya kiloherzi 192, yaani inayopimwa mara 192,000 kwa sekunde, nazo ziache zipite. CD inapima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kiwango hicho kinatosha kubeba mitetemo hadi takriban 22,000 kwa sekunde. Sikio zima la kijana huishia karibu na 20,000.

Sasa umeme, mahali niliponyooshwa. Bodi yangu ya kwanza ilikuwa Raspberry Pi 3, na kwa wiki tatu ilikuwa inatoa vijimlio, tik, tik, hasa besi ikipanda. Nilibadilisha nyaya za sauti. Nilibadilisha programu mara mbili. Nililaumu ruta. Mwishowe niliandika amri ya `vcgencmd get_throttled` na ikanirudishia 0x50000, maana yake umeme uliwahi kushuka chini ya kiwango na bodi ikajipunguza mwendo. Bodi hiyo hulalamika volti zikishuka chini ya takriban 4.63, na mimi nilikuwa nailisha kwa chaja ya simu na waya mwembamba mrefu. Nilipoweka adapta yake halisi, vijimlio vilikoma jioni ileile. Tangu hapo nashauri adapta nzuri kabla ya kitu kingine chochote. Chaja ya simu imetengenezwa kujaza betri. Betri haijali volti zikiyumba kidogo, kompyuta inajali sana.

Kuna na suala la kuzima. Nyumbani watu huchomoa waya ukutani, na wana haki, kwani redio huzimwa hivyo. Mfumo wa kawaida huandika kwenye memori kadi kila wakati, na ukiukatia umeme katikati ya kuandika, kadi inaweza kuharibika hata isiwake tena. piCorePlayer inajipakia yote kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya bodi, inapowaka na kuiacha kadi ipumzike. Kwangu hilo pekee lingetosha kuichagua. Kifaa cha familia kisichovumilia kuchomolewa hakijamaliza kutengenezwa.

Mtandao hausumbui kama inavyodhaniwa. Sauti ya CD isiyobanwa ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, mzigo mdogo hata kwa waifai dhaifu. Kinachokata nyimbo si uchache wa kasi. Ni waifai ya bodi kujilaza ili kuokoa umeme, au masafa ya gigahezi 2.4 kujaa majirani na maikrowevu. Zima hali ya kuokoa umeme, na ukiweza kuvuta kebo, vuta. Bluetooth mimi siitumii kwa kikasha hiki: mara nyingi inaibana tena sauti njiani, halafu inaurudisha muziki kwenye simu, mahali nilipoutoa kwa jasho.

Kazi yenyewe hasa, ile inayokula miezi, ni maktaba.

Nilianza na CD zangu, moja baada ya moja, nikizihamisha kwa programu inayosoma kila sehemu kwa uangalifu na kulinganisha matokeo na yale ya watu wengine waliosoma CD hiyohiyo. Ile albamu iliyokuwa kijivu niliipata kwenye CD iliyokwishatumika. Wimbo wa saba ulikuwa na mkwaruzo. Kisomeo kiliurudia na kuurudia mahali pale kwa dakika nyingi, nami nimekaa kando nikisikiliza mota yake ikipanda na kushuka, hadi kikaupata mzima. Nimelipia muziki mwingi maishani. Sijawahi kuhisi kuwa wimbo ni wangu kama nilivyohisi siku ile.

Kila kitu nakihifadhi kwa muundo wa faili za sauti uitwao FLAC. Muundo huu ulitolewa mwaka 2001, hauna mwenyewe wa kukutoza, na mwisho wa mwaka 2024 ulichapishwa rasmi kama kiwango cha intaneti, RFC 9639. Unapunguza faili, mara nyingi hadi karibu nusu, bila kutupa hata namba moja. MP3 inatupa, na kilichotupwa hakirudi: kuigeuza MP3 kuwa FLAC ni kumimina maji yaleyale kwenye ndoo kubwa zaidi. Kama nyimbo zako ni MP3 tu, ziache hivyo na uzifurahie. Ukinunua mpya, nunua mahali panapokupa FLAC, kama Bandcamp, ambapo faili linashuka na kubaki kwako.

Kisha yanakuja majina. Msanii mmoja alikuwa na majina manne kwenye diski yangu: lenye nukta, lisilo na nukta, lenye bendi yake, na lenye kosa la tahajia. Albamu za mkusanyiko zilipasuka vipande kumi na tano kwa kuwa kila wimbo una mwimbaji wake na hakuna aliyejaza nafasi ya msanii wa albamu. Programu ya MusicBrainz Picard inasaidia sana, inatambua wimbo kwa kuusikiliza, lakini haikuondolei kazi ya kuamua. Nilikuwa nafanya albamu tano kila usiku. Watu husema hii ni kazi ya kuchosha. Kwangu ilikuwa kama kufungua makabati ya nyumba ya zamani. Nilikutana na nyimbo ambazo sikukumbuka kuwa nazo, na mbili kati yake sasa hupigwa hapa kila Jumapili.

Baada ya hapo niliongeza kitu kimoja tu kwenye kikasha: kitufe cha kuzungusha, kimeunganishwa na pini zilizobaki. Kuzungusha ni sauti, kubonyeza ni kupiga au kusimamisha, kushikilia ni albamu inayofuata. Mama hapendi kutafuta vitu kwenye simu. Siku ya kwanza alikizungusha, akasikiliza kidogo, akaketi. Hakuuliza chochote.

Nakala za maktaba ziko mbili zaidi ya ile inayopigwa. Moja iko kwenye droo yangu, nyingine iko kwa dada, ili moto au mwizi asizichukue zote kwa pamoja. Diski ile ilikaa kwake karibu mwaka mzima ikiwa imefungwa kwenye mfuko. Wiki iliyopita amenipigia usiku. Alikuwa ameifungua na kupitia folda moja baada ya nyingine, na ana spika mbili ambazo hazijawashwa siku nyingi. Alitaka kujua bodi ipi anunue. Nikamwambia ile ndogo, na adapta yake.