Mama Yangu Anauza Sumu

Mama yangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, tangu mimi sijaota meno. Wateja wake wakubwa ni Wakongo wa Bukavu na Goma, wale wanaonunua kwa magunia. Hao ndio niliowafanya chambo nilipotaka kwenda Ufaransa.

Nilikuwa nimepata nafasi kwenye kozi ya wiki nne mjini Besançon, zile za kutumbukizwa kwenye lugha mpaka masikioni: asubuhi darasani, jioni mezani na familia ya wenyeji, na marufuku kufungua mdomo kwa lugha nyingine. Ada walilipa wafadhili. Nauli ilikuwa juu yangu, maana yake ilikuwa juu ya ukoo. Nikaitisha kikao, nikahutubia: Mkongo ni Kifaransa, mama akipata mtu wa kumsemea, biashara itapaa. Mama akauliza mbona wateja wake wote wanaongea Kiswahili. Nikamjibu, "Hicho cha sokoni, mama. Mikataba ni Kifaransa." Pale Mwaloni hakuna mkataba hata mmoja, madeni yanaandikwa nyuma ya daftari la shule. Lakini baba mdogo alishavutiwa. Mchango ukapita.

Mama akanifungia kilo mbili za dagaa. "Huendi kwa watu mikono mitupu." Forodha ya Ulaya nilikuwa naiogopa, kumbe samaki mkavu wa matumizi yako wanaruhusu mpaka kilo 20. Wasichotaka kukiona ni nyama na maziwa. Dagaa wakaingia Ufaransa vizuri kuliko mimi, maana mimi niliulizwa maswali.

Jumatatu, siku ya kwanza darasani, mwalimu akatupa kanuni: herufi s ikikaa katikati ya vokali mbili inasomwa z. *Maison* ni mezon. *Rose* ni roz. Kwangu mimi niliyekulia Kiswahili, ambako s ni s hata uipige fimbo, hii ilikuwa kama kukabidhiwa ufunguo wa kabati la sukari. Nilirudi nyumbani nasoma kila kibao cha barabarani kwa sauti. Sehemu ya pili ya kanuni, kwamba s zikiwa mbili zinabaki s, ilifundishwa Jumanne.

Chakula cha jioni kilikuwa Jumatatu.

Mezani tulikuwa wanne: mama mwenyeji, mumewe mzee mstaafu, mjukuu wao wa kike wa miaka tisa, na mimi. Katikati kulikuwa na bakuli la cancoillotte, jibini ya huko kwao inayovutika kama mlenda. Mama mwenyeji akaniuliza, polepole na kwa nguvu kama anayemsemesha mtu aliyetumbukia kisimani, kwetu tunafanya kazi gani. Sasa, samaki kwa Kifaransa ni *poisson*. Sumu ni *poison*, pwazon. Nami nilikuwa na ufunguo wangu mfukoni. Haya ndiyo waliyoyasikia wao:

"Mama yangu anauza sumu."

Kijiko cha mzee kikasimama hewani. "Sumu?"

"Ndiyo! Sumu nyingi. Sumu ndogo ndogo, kwenye magunia."

"Anamuuzia nani?"

"Kongo."

Wakatazamana. Mimi nikaona wamependa, nikanogewa. "Tunaitafuta ziwani usiku, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa hatuendi, tunataka giza." Mama mwenyeji akavuta kiti cha mjukuu karibu yake. "Asubuhi akina mama wanaianika mchangani. Kuku tunawapa. Watoto wadogo tunawasagia, tunawawekea kwenye uji, ili wakue."

Hakuna aliyekuwa anatafuna.

"Na kuna sumu kubwa," nikanyoosha mikono yote miwili kuonyesha ukubwa wa sangara, "hiyo tunawaletea ninyi huku, kwa ndege. Mnaila kila siku, hamjui tu!" Sangara huko anauzwa kwa jina la *perche du Nil*. Ningelijua jina hilo siku ile, ningewapunguzia presha.

Badala yake nikainuka, nikaenda chumbani, nikarudi na kifurushi. "Nimewaletea kidogo." Nikafungua. Harufu ya Kirumba ikajaa chumba kizima, na macho madogo elfu moja yakawatazama. Mzee akafunika bakuli la jibini kwa kiganja.

Aliyeniokoa ni mjukuu. Alinyoosha mkono, akashika dagaa mmoja mkiani, akamgeuza kwenye mwanga. "*Mais c'est du poisson!*" Ile ss yake ilitoka ndefu, kama tairi la bodaboda lililopata msumari. Kimya. Kisha mzee akaanza kutikisika mabega. Alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta.

Jumanne nikajifunza nusu ya pili, nikaenda kuzidisha upande huo. Nikawaeleza kuwa nina *coussins* kumi na saba Mwanza, na kukiwa na harusi wote wanalala kwa mama. Nilitaka kusema *cousins*, yaani hawa ambao nyumbani nawaita kaka na dada. *Coussin* ni mto. Usiku nikakuta mama mwenyeji ameniongezea mito miwili kitandani.

Dagaa niliwakaanga kwa nyanya na kitunguu. Mzee akaongeza mara mbili. Mkewe alilalamikia harufu, mwanamke ambaye friji lake ukilifungua unarudi nyuma hatua tatu.

Nikarudi Mwanza. Jumamosi mama akanipeleka Mwaloni nimevaa shati la kola. Baba mdogo naye alikuja, kuitazama nauli yake ikifanya kazi. Mama akamshika mkono mteja wake wa Bukavu. "Mwanangu huyu, ametoka Ufaransa juzi. Hebu msemeshe."

Wapagazi wakatua mizigo wasikilize. Nikasafisha koo.

"*Bonjour madame, nous avons du bon poi...*"

Nikakwama. Mbele yangu nikawaona kuku, magunia, uji wa watoto. S au z? Moja au mbili? Nikaanza upya. "*Du bon poi...*"

Yule mama alinisubiri, kwa subira ya mtu aliyelipia meli. Kisha akamgeukia mama yangu.

"Mama, uyu mutoto iko mugonjwa? Ndagala ni bei gani leo?"

Mama akataja bei, wakavutana, wakamalizana, yote kwa Kiswahili, mimi bado naitafuta ile s. Baba mdogo hakusema neno. Aliangalia juu, midomo ikichezacheza, kama mtu anayepiga hesabu.

"Haya, Mfaransa," mama akasema, ameshainama, "shika huko tuinue gunia."