Nilivyorudisha RAM Luthuli Ikiwa Imefungwa Kama Chapati

Mimi hupiga na kuhariri video za sherehe. Ruracio, yaani sherehe ya mahari ya Wakikuyu, harusi, mahafali, hata matanga ukiniita mapema. Ofisi yangu ni kona ya sebule huko Githurai, kati ya kochi na mtungi wa maji, na mfanyakazi mwenzangu ni kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imeshatumika na wengine. Mwaka jana ilianza kukwama kila nikiweka picha moja juu ya nyingine, nikaamua kuinunulia RAM mpya, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa kazini. Nikashuka mjini, nikarudi na vijiti viwili vya RAM aina ya DDR4, kila kimoja GB 8. Sanduku lilikuwa limeandikwa kasi yake, 3200, kwa herufi za dhahabu, na chini yake kwa herufi za woga: 16-18-18-38, volti 1.35. Za woga sikuzisoma.

Siku ya kwanza nilivichomeka vyote viwili katika nafasi zilizokaribiana, kama watoto wa darasa moja. Shemeji yangu, yule mdogo wa mke wangu anayesomea mambo haya, akaniambia kwa simu niruke nafasi moja, nichomeke ya pili na ya nne, ili data ipite njia mbili. Nikafanya hivyo. Nikawasha, nikafungua ukurasa wa kupima utendaji, nikaona kasi ya kumbukumbu: 2133.

Nikampigia tena. Akacheka. Akasema RAM yoyote ikiwekwa mara ya kwanza hutembea mwendo wa tahadhari, ule ambao madabodi yoyote, yaani ubao mkuu wa kompyuta, inauweza. Mwendo ulioandikwa kwenye sanduku umehifadhiwa ndani ya kijiti chenyewe, na lazima uuombe: ukiwasha mashine bonyeza Delete, ingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe, tafuta XMP, ndilo jina la mwendo huo, iwashe, hifadhi kwa F10. Nikaomba. Mashine ikajizima, ikafikiria kidogo, ikarudi. 3200!

Hapa mtu mwenye akili angefunga mjadala. Lakini mimi nimeishi Nairobi miaka mingi, sinunui kitu bila kukipima mara mbili. Nikapakua programu nyingine, ile inayosoma vipuri kimoja kimoja, nikaenda kwenye sehemu ya kumbukumbu. Ikasema 1596.7. Nikafunga, nikafungua. 1596.7. Yaani nimelipia 3200, nimepewa 1600, na kabla sijagusa XMP nilikuwa angalau na 2133! Nilikuwa nimelipa pesa nirudi nyuma.

Sikumpigia shemeji. Mtu akiwa na hasira ya haki hataki ushauri.

Asubuhi nikang'oa vijiti. Vile vifuko vyake vya plastiki nilikuwa nimeshavitupa, na nilikuwa nimesikia kwamba umeme wa mwilini huua vipuri, basi nikachukua foili jikoni, nikavifunga vizuri, nikakunja na ncha. Mke wangu akanitazama.

"Baba watoto, umebeba chakula?"

"Nimebeba ushahidi."

Nikapanda matatu ya 45. Ndani nikafanya mazoezi ya hotuba. Nilipofika Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki mjini, spika za maduka zilikuwa zinashindana kama kawaida, kila duka na wimbo wake, kwa hiyo hotuba yangu ilibidi niitoe kwa sauti ya mhubiri wa basi. Kijana wa kaunta alikuwa anahudumia mama mmoja aliyetaka chaja. Nikasukuma kifurushi changu mbele.

"Nilinunua 3200. Mmeniuzia nusu."

Akakifungua polepole. Nadhani alitarajia chapati, maana nilimwona akivuta pumzi kwa pua. Alipoona RAM, akaniangalia mimi, akamwangalia yule mama, akaniangalia tena.

"Mkubwa, nusu vipi?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu. 1596.7. Watu wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea kutazama. Nikafurahi, nikajua sasa nina mashahidi. Nikaongeza kwamba jiji hili limeharibika, mtu anapunguziwa kilo kwa mama mboga na sasa anapunguziwa hata megahezi.

Kijana hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliuliza kwa upole, "Mkubwa, umekuja na nini leo?"

"Matatu."

"Ya wapi?"

"Githurai."

"Ikishusha watu Githurai, hurudi mjini tupu?"

Nikacheka kwa dharau. "Makanga gani akubali hiyo?"

"Basi. Ukihesabu raundi, ni moja. Ukihesabu waliobebwa, ni magari mawili yaliyojaa. Hiyo DDR, D ya kwanza maana yake ni maradufu. Saa ya RAM ikipiga, inabeba data pigo likipanda, inabeba tena pigo likishuka. Programu yako inahesabu raundi. Sanduku linahesabu abiria." Akatoa kalamu, na juu ya foili yangu mwenyewe akaandika: 1600 x 2 = 3200. Kisha akaifunga RAM upya, akanirudishia kama anavyorudisha chenji.

Mama wa chaja ndiye aliyevunja kimya. "Kwa hivyo hakuibiwa?"

"Hapana, mama. Amepewa yote."

"Na alivyopiga kelele!"

Njiani kurudi nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Makanga alipokusanya nauli sikumtazama usoni. Nilihisi naye anajua.

Sasa, aibu ikikaa tumboni muda mrefu hugeuka kuwa elimu ya bandia. Nilipofika nyumbani nilikuwa mhadhiri. Nikarudisha vijiti, nikaingia BIOS, nikawasha XMP, halafu nikaona zile namba za woga nilizozipuuza: 16, 18, 18, 38. Hizo ndizo taimingi. Ile 16 ni idadi ya mapigo ambayo RAM husubiri baada ya kuombwa data kabla haijaanza kuitoa. Kwa kasi yangu ni nanosekunde 10 hivi. Namba ikipungua, kusubiri kunapungua. Nikajiuliza, kwa nini nisubiri 16? Nani aliamua? Nikafuta 16 nikaandika 10. Nikaona 18 zile mbili zinabaki peke yao, nikaziandika 10 pia. F10.

Skrini nyeusi.

Feni zikanguruma, zikanyamaza. Zikanguruma tena, zikanyamaza. Mara ya tatu nikaanza kuomba. Madabodi nyingine zikishindwa mara kadhaa hurudi zenyewe kwenye mwendo wa tahadhari, ila yangu ilikuwa na kiburi cha wenye nyumba wa zamani. Nilimpigia shemeji, na safari hii nilimweleza kila kitu, hata foili. Alinyamaza sana. Kisha akasema: "Shemeji, umemwagiza mama wa kibanda alete chapati kabla hajakanda unga. Ataleta nini?"

Akanifundisha. Chomoa waya wa umeme. Bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe. Tafuta betri ndogo ya mviringo kwenye madabodi, ile ya CR2032, itoe, subiri dakika tano, irudishe. BIOS itasahau ujinga wote niliouandika. Nikakaa sakafuni dakika tano nikiwa nimeishika kiganjani, mke wangu akiniruka kwenda jikoni bila neno. Nikairudisha. Mashine ikawaka kana kwamba hatujawahi kukosana.

Nikawasha XMP peke yake na sikugusa namba nyingine. Nikaiacha na programu ya kupima kumbukumbu usiku kucha, na asubuhi kulikuwa na kosa sifuri. Kufikia hapo intaneti ilikuwa imeisha, maana bando yote niliimaliza nikitazama watu wa nchi za mbali wakielezea taimingi, lakini kuhariri hakuhitaji intaneti. Nilikuwa na video ya ruracio moja ya Limuru inayotakiwa jioni ile. Nikaimaliza bila kukwama hata mara moja. Macho yangu yote yalikuwa kwenye ile 3200. Nikaweka video kwenye flashi, nikampa mtu wa boda.

Saa mbili usiku simu ikalia. Mzee mmoja, mjomba wa bibi harusi. Nyuma yake nasikia televisheni na watu wengi, yaani ukoo mzima umekusanyika kutazama.

"Kijana, kazi ni nzuri. Picha safi, mbuzi wote wanaonekana. Lakini hapo mwisho umeandika tarehe."

Hapo mwisho mimi huweka kibao chenye maua, na programu hujaza tarehe yenyewe ikisoma saa ya kompyuta. Saa ya kompyuta huwekwa hai na ile betri niliyoishika kiganjani dakika tano, na bila intaneti hakuna wa kuirekebisha.

"Tarehe gani, mzee?"

"1 Januari 2018. Kijana, siku hiyo hata Uhuru na Raila walikuwa hawajasalimiana." Akashusha sauti, lakini si ya kutosha. "Na huyu msichana alikuwa bado kwa yule wa Naivasha. Bwana harusi hakuwa anajua kuna wa Naivasha."

Nyuma yake televisheni ilizimwa. Nikasikia sauti ya kiume ikiuliza, polepole sana: "Naivasha ipi?"