Laptop yangu inasubiri giza

Jamani laptop yangu ya steshenari hapa Nyegezi, Mwanza, imefika mwisho, na wala haikufa kishujaa, imekufa herufi moja tu, herufi A. Sasa niambie, ingekufa Q nani angejua? Hata X ningeizika bila tanga. Lakini A, kwa Kiswahili hiki chetu, hata "mama" huandiki ukamaliza! Fundi kaniambia hapo bado bawaba imevunjika na betri ni urembo, umeme ukikonyeza tu na yenyewe inalala, kwahiyo nitafute nyingine. Nikajifanya mjanja nikanunua kibodi ya kuchomeka elfu 12, kufika nagundua matundu ya USB yalishakufa zamani, linalopumua ni moja na ndo la printa.

Basi nikawa naishi kwa kukopi. Unakopi A moja kutoka popote, kila ukiihitaji unabonyeza Ctrl na V, inaenda vizuri tu mpaka siku ukopi kitu kingine usahau. Kuna dada wa chuo nilikuwa namtaipia barua ya kuomba fildi, katikati nikakopi namba yake ya simu niihamishie juu, alafu nikaendelea kutaipu huku naangalia daladala zinavyogombania abiria. Barua ikatoka na namba ya simu kila penye A. Akaisoma, akanitazama, "kaka, hii si naonekana namtongoza afisa utumishi?"

Nikaenda mjini. Kijana wa dukani akanionyesha HP EliteBook 840 mbili za mtumba kutoka Ulaya, G3 laki 3 na 80, G5 laki 6. Mimi kidole changu kikaenda chenyewe kwenye G3. Akacheka, eti mzee hiyo prosesa yake ni gen ya 6, yani kizazi cha sita, Windows 11 rasmi inataka gen ya 8 kwenda juu, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Sasa mbona mnaiuza? "Hiyo ya watu wa muvi." Haya, nikaishika G5, hiyo ndo gen ya 8, nikabonyeza A. Ikaandika. Nikaibonyeza tena nikaiachia hapohapo aaaaaaaaaa mpaka mlinzi akachungulia. Kijana akajua nimeshanasa, akasema kwa vile umeipenda nipe 580.

Kwenye simu nina 210.

Akaniambia usijali mzee kuna lipa kidogo kidogo, kianzio 150 alafu elfu 4 kwa siku, siku 180. Elfu 4 ukiisikia hivi unaona ni chipsi mayai na soda, nani anashindwa? Nikaomba peni nikapiga hesabu nyuma ya kiganja: 720 jumlisha kianzio, 870. Yani nanunua laptop moja na nusu, moja nabeba mimi hiyo nusu inabaki dukani. Na usipolipa inajifunga yenyewe. Mimi Jumapili sifungui steshenari, hela ya Jumapili itatoka wapi, kwenye sadaka?

Kuna wale wa kausha damu, wapo hapohapo ng'ambo ya barabara, laki 5 unarudisha elfu 25 kila siku kwa siku 26. Hiyo ni 650, mwezi haujaisha. Jirani yangu wa genge aliwachukulia, walikuja kubeba friji na juisi za wateja zikiwa ndani. Kinachoniuma ni kwamba mimi ndo nawajazia watoto wa watu fomu za bodi ya mikopo kila msimu, naskani vyeti, natuma, wanapata, wananiletea soda. Mimi mwenyewe wa kunijazia hayupo.

Ikabaki kikoba cha mke wangu, mama Kulwa. Riba ya kibinadamu, unakopa mara 3 ya hisa zako, shida ni kwamba hisa ni zake. Nikambembeleza siku nne, nikaosha mpaka masufuria yenye masizi, akakubali, ila kikoba kinataka barua ya mume kuridhia. Sasa mimi mwenye steshenari nipeleke barua ya mkono? Nikaitaipu usiku, umeme ukawa unakonyeza, nikaharakisha kabla haijalala, Ctrl V nikaisahau, nikaprinti nikakunja bila kusoma. Jumamosi mwenyekiti akaisimamia kuisoma mbele ya wamama wote: "Mimi mume wke nimeridhi kope."

Kimya. Alafu mwenyekiti akamuuliza mama Kulwa, kope za kubandika au?

Mama Kulwa alirudi nyumbani hasemi na mtu. Laki 2 walitoa lakini, nadhani kwa huruma, na kwa sharti kwamba laptop iandikwe jina lake. Sawa tu, iandikwe hata jina la mwenyekiti.

Hapo nina 410, imebaki 170, na 170 ninayo, anayo shemeji, kaka yake mama Kulwa, alinikopa tangu mwaka jana akatengeneze mtumbwi kule Igombe. Nikampigia. "Shem, mwadila! Hela yako ipo, ila mwezi umejaa, ngoja giza." Kwa msiojua, dagaa wanavuliwa kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote limewaka, dagaa wanatawanyika wanavyotaka, mitumbwi inaanikwa ufukweni na wavuvi wanacheza bao. Hakuna dagaa wa kupeleka sokoni Mwaloni, hakuna hela ya shem. Nimelalamikia riba na kianzio wiki nzima kumbe anayenichelewesha yuko angani na hana hata namba ya simu.

Kijana wa dukani kapiga jana, kuna mteja mwingine anaiangalia G5. Nikamwambia niwekee mpaka giza. Akaniuliza giza la leo?

Usiku saa 4 nikatoka uani nikasimama. Umejaa kama sinia, mpaka mawe ya mlimani unayahesabu moja moja. Kulwa akatoka kujisaidia akanikuta nimeinua kichwa.

"Baba unaangalia nini?"

"Laptop."