Kila Kinachotoa Povu Ni Shampeni?

Mwaka jana nilirudi Dodoma kwenye harusi ya binamu yangu. Ndani ya begi, nimezifunga kwa vitenge na soksi, kulikuwa na chupa mbili za mvinyo wa povu kutoka Sussex, kusini mwa Uingereza, ninakoishi mwaka wa 12 sasa. Ulipofika muda wa keki, mshereheshaji akazinyanyua zote mbili, akacheza nazo kutoka mlangoni hadi meza kuu, akatangaza: "Shampeni! Tena hii imetoka Ulaya, wapendwa, siyo ya dukani kwa Mangi!" Ukumbi mzima vigelegele. Mimi nikaangalia chini. Angekuwepo Mfaransa mmoja pale, angezimia.

Kwetu neno hilo halina mpaka. Chochote chenye kizibo cha kuruka ni shampeni: waini mtamu wa Afrika Kusini, juisi ya zabibu iliyotiwa gesi kwa harusi za walokole, vyote. Kule Champagne kwenyewe, mashariki ya Paris, kwenye miji ya Reims na Épernay, jina hilo ni la mvinyo wa povu wa huko tu, mali yenye walinzi. Kuna Waingereza waliokuwa wakiuza kinywaji cha maua kisicho na kilevi, wakakiita shampeni ya maua. Wafaransa wakawapeleka mahakamani, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ya huko huko Uingereza ikawapa Wafaransa ushindi. Kwa juisi ya maua!

Turudi ukumbini. Shangazi, ambaye amelima zabibu Hombolo tangu sijazaliwa, alionja funda moja, akakunja uso. "Mwanangu, mbona inachacha hivi? Kama maji ya ubuyu uliosahau kutia sukari."

Hakukosea hata kidogo. Huo uchachu ndio mvinyo wa Kiingereza wenyewe, na ukiuelewa umeelewa karibu kila kitu. Dodoma jua halina huruma: zabibu inajaza sukari upesi, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, mkulima akijua kupogoa anavuna mara mbili kwa mwaka. Sussex wanavuna mara moja, mwishoni mwa Septemba kuingia Oktoba, na mara moja yenyewe ni ya kuomba Mungu. Nimewahi kuchuma huko, vidole vimekufa ganzi ndani ya glavu, nikamkumbuka baba anavyovuna akiwa na kofia ya pama. Mwezi wa nne na wa tano, machipukizi yakiwa ndiyo kwanza yametoka, sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, ikishuka usiku mmoja inaweza kuyaunguza yote. Wenye mashamba huamka saa nane usiku kuwasha mishumaa mikubwa, ukubwa wa ndoo, katikati ya mistari ya mizabibu. Mara ya kwanza kuiona kwa mbali nilidhani ni mkesha wa msiba.

Zabibu ya namna hiyo huiva polepole, na hubaki na ile asidi ya tufaha bichi. Kwa mvinyo wa kawaida hilo ni balaa. Kwa mvinyo wa povu ni mtaji, kwa sababu povu bila uchachu ni soda tu. Champagne nako ni baridi, ingawa siyo kama huku, na siku hizi miaka ya joto kali wanaanza kuvuna Agosti, jambo ambalo zamani lilikuwa ajabu. Zabibu zenyewe ni zile zile: Chardonnay, Pinot Noir na Meunier. Hata ardhi ni ndugu. Ile chaki nyeupe iliyo chini ya mizabibu ya Champagne inapita chini ya bahari na kuibukia upande wa pili, kwenye majabali ya Dover na vilima vya South Downs ninavyoviona dirishani kwangu. Inanyonya maji ya mvua, inayatunza, lakini haituamishi.

Utengenezaji nao ni mmoja. Mvinyo uliokwisha kuchachuka unaongezwa sukari kidogo na hamira, unafungiwa kwenye chupa, unachachuka upya humo humo, gesi inakosa pa kwenda. Mgandamizo unafika angahewa 5 au 6, zaidi ya mara mbili ya upepo wa tairi la gari. (Ndiyo maana niliwasihi wasiziweke kwenye buti la gari saa saba mchana Dodoma. Walinisikiliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu.)

Waingereza wakishachangamka kidogo watakuambia kwamba haya yote ni yao. Wana kaushahidi. Desemba 1662 daktari Christopher Merret alisoma maelezo mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, akieleza kwamba wafanyabiashara wa mvinyo walikuwa wakitia sukari na molasi ili uchangamke na kutoa povu. Yule mtawa Mfaransa Dom Pérignon, anayesifiwa kuwa ndiye aliyebuni shampeni, alifika kwenye abasia ya Hautvillers, huko Champagne, baadaye, mwaka 1668. Tena chupa za Kiingereza zilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu walikuwa wakiyeyusha kioo kwa moto wa makaa ya mawe badala ya kuni. Sawa. Lakini mvinyo waliokuwa wakiutia hiyo sukari ulikuwa umetoka nje! Aliyeongeza ndimu kwenye pilau ya jirani asidai amepika yeye.

Wafaransa nao wanawashinda kwa kitu kimoja: muda wa kuulaza mvinyo. Sheria yao inataka hata chupa ya kawaida isitoke ghalani kabla ya miezi 15, na ile ya zabibu za mavuno ya mwaka mmoja tu isitoke kabla ya miaka 3. Chini ya Reims kuna mahandaki ya chaki, mengine yalianza kuchimbwa enzi za Warumi, na humo nyumba kubwa za shampeni zinatunza mvinyo wa miaka ya nyuma ili mwaka ukiwa mbaya wachanganye, mnywaji asijue kulikuwa na mvua. Waingereza hawana ghala la namna hiyo, maana wameanza juzi tu. Walioonyesha njia hata hawakuwa Waingereza: ni mke na mume Wamarekani kutoka Chicago, waliopanda zabibu hizo za Champagne kwenye shamba la Nyetimber, Sussex, mwaka 1988. Mvinyo wao wa kwanza ni wa mavuno ya 1992. Mimi mwenyewe nina umri mkubwa kuliko kazi yote hiyo.

Mwaka 2012 mvua iliharibu zabibu mpaka Nyetimber wakaamua kutotengeneza hata chupa moja. Nilipomsimulia baba alinyamaza kidogo kwenye simu. Yeye amewahi kuona zabibu nzuri, tamu, zikiozea kichanjani kwa sababu mnunuzi hakuja. "Kwa hiyo wao walikataa wenyewe?" akauliza. Ndiyo, baba, walikataa wenyewe. "Basi hao wana hela."

Hela ndiyo inayowauma wanywaji pia. Chupa nzuri ya Sussex au ya jirani zao wa Kent mara nyingi haipungui pauni 30 na kitu, wakati supermaketi hizo hizo zinauza shampeni halisi kwa pauni 20 na kidogo. Si ulafi: mashamba ni madogo, mzabibu unazaa kidogo, vibarua ni ghali. Champagne mwaka 2023 waliuza karibu chupa milioni 300. England na Wales, mwaka huo huo uliokuwa wa neema kuliko yote, walitengeneza milioni 20 na ushee, mvinyo wa kila aina.

Mimi naona ile shampeni ya pauni 20 ndiyo hasara. Unalipia jina, ndani mnakaa kitu chembamba, kimetiwa sukari ili kufunika haraka yake. Kwa bei ya pauni 35 nachagua ya Kiingereza bila kufikiri. Ukinipa shampeni iliyolala miaka 8 au 10, yenye harufu ya mkate uliotoka tanuruni na korosho za kukaanga, hapo nasalimu amri. Sussex bado hawajafika, labda wanangu watawaona wakifika. Wafaransa wenyewe wameshasoma alama: mwaka 2015 nyumba ya shampeni ya Taittinger ilinunua ardhi Kent, ikapanda mizabibu yake. Hao si watu wa kununua kiwanja kwa huruma.

Halafu kuna chakula. Chipsi na samaki wa kukaanga wa huku, wenye mafuta mpaka kwenye karatasi, hawana mwenzao kama ule uchachu. Usiku ule wa harusi, mbuzi choma alipokwisha kuzunguka, shangazi alinifuata nyuma ya jukwaa, glasi mkono mmoja na ubavu mkono wa pili. "Ile ya ubuyu bado ipo?" Haikuwepo. Kamati ilikuwa imemaliza.

Kwa hiyo Desemba nakuja na tatu, moja ya Champagne na mbili za huku. Lebo zote nitazibandua, chupa nitazivika magazeti, na shangazi ndiye hakimu. Mjomba ameshaweka dau la kuku wawili kwa Mfaransa, bila kuonja chochote, kwa sababu ati jina ni jina.