Hiyo site ya kuskani virusi bure, listi za watu msizitie mule

Juzi kwa grupe moja ya WhatsApp yenye tuko ndani watu wengi wa maasosiasio ya hapa Bukavu, mutu mumoja alituma konsey: kila fishie yenye unapokea, mbele ya kuifungua uipitishe kwanza kwa site ya kuskani virusi, VirusTotal, ni bure, haiombi hata kujiandikisha. Watu wakatia dole gumba, wengi wakashukuru. Kisha mama mmoja, mwenye naheshimia sana juu ya kazi anafanya na wanawake wa vijijini, akajibu: "Asante mwanangu, sasa hivi nimepitisha listi ya wamama wetu, imetoka safi."

Listi ya wamama wenye walifanyiwa ubaya. Majina, umri, kijiji, nambari ya simu, na kile chenye kiliwapata. Niliandika pale pale, lakini grupe ikishaanza kutumiana salamu za asubuhi hakuna mwenye anasoma tena, njo maana naandika hapa kwa urefu.

Nianze na ile ya kumaliza haraka. Ukifungua site yoyote kwa Chrome ao Firefox na ikakuambia "tunaskani simu yako", ikaleta mustari unatembea, na mwishoni inapiga kelele ya virusi, funga. Ukurasa wa intaneti hauwezi kusoma diski yako, brauza inaukataza, unaona tu fishie yenye wewe mwenyewe umeupatia. Ule mustari ni picha. Na si watu wa njiani tu wanafanya vile: kule Marekani mwaka 2019 Office Depot na Support.com walikubali kulipa dola milioni 35, juu serikali iliwashtaki ya kama programu yao ya kuangalia afya ya mashini ilikuwa inasema kuna virusi kufuatana na jinsi mteja amejibu maulizo, si kufuatana na chenye kiko ndani ya mashini.

Sasa tuje kwa ile ya kweli, yenye grupe ilikuwa inaongelea, VirusTotal. Ilizaliwa Hispania mwaka 2004, Google ikainunua 2012, na siwezi kuinyima haki yake: unaipatia fishie moja, inaipitisha kwa antivirusi zaidi ya 70 mara moja. Ni kazi nzuri, watu wa usalama wa dunia nzima wanaitumia, si wezi. Lakini bure yake inatoka wapi? Fishie yako njo malipo. Yenye unatuma inabakia kule, makampuni ya antivirusi yanaipata, na wateja wenye wanalipa wanaweza kutafuta maneno ndani ya mafishie na kuyatelesharje. Hawakuficha, wameandika pale pale chini ya sehemu ya kutuma ya kama unakubali fishie igawanywe, na wanaomba usitume mambo ya siri ya mutu. Lakini wameandika kwa herufi ndogo, kwa Kiingereza, na kwetu hapa karatasi zote za kazi ziko kwa Kifaransa, nani atasoma?

Mutu ataniambia: kule nani atajisumbua na listi ya Bukavu? Naomba asiseme vile mbele ya wale wamama. Mwanamke alikubali kueleza juu alihakikishiwa ya kama itabaki kati yake na yule mwenye anaandika, mlango umefungwa. Hakueleza ndiyo jina lake likae kwa mashini za ng'ambo, mahali kampuni yenye iko na feza inaweza kulipa abonema, ikaandika jina la teritware kwa sehemu ya kutafuta na listi ikatoka. Na kwetu watu wanajuana, umri na kijiji vinatosha, hata jina ukilifuta. Wengine bwana zao hawajui kitu. Watoto hawajui. Na wale walimfanyia, wengine wako bado wanatembea na bunduki kule kule kijijini. Virusi inaharibu mashini, unaformata, unaanza upya. Mwanamke mwenye siri yake imetoka anaanza upya namna gani?

Na tusiseme ni kosa la watu wenye hawakusoma. Mwaka 2022 ofisi ya Ujerumani ya usalama wa mitandao, BSI, ilitoa onyo juu kulikuwa mahali penye fishie za imeli zilikuwa zinatumwa VirusTotal karibu zenyewe, na za siri zilikuwa ndani. Mwaka 2023 ni mutu wa VirusTotal mwenyewe aliweka kule, kwa bahati mbaya, listi ya wateja wao, majina na imeli za watu kama 5600, hata wa upelelezi wa Marekani na Ujerumani walikuwa ndani, na ikafika kwa magazeti. Sisi hapa Kongo tuko na sheria ya Code du numérique ya mwezi wa tatu 2023 yenye inaongelea kulinda habari za mutu, sawa, lakini fishie ikishavuka vile ni tribinali gani ya hapa itairudisha?

Haya, nakubali kuna kazi yenye hiyo site inafanya vizuri. Umetumiwa linki ya ajabu, ao umetelesharje programu mahali haujui, ipitishe, hakuna siri ya mutu mule. Na hata dokima unaweza kuiulizia bila kuituma. Kwa Windows fungua ile dirisha nyeusi ya kuandika amri (cmd), andika certutil -hashfile, jina la fishie, kisha SHA256. Itakupa mustari wa herufi na nambari 64, yenye mutu akiiona hawezi kujua ndani mumeandikwa nini. Kopia ule mustari, uutafute kwa VirusTotal. Kama ni virusi yenye imeshatembea kwa wengi, mara nyingi itajulikana, na fishie yako haijatoka nyumbani. Kama haijulikani kule, usishawishike kuituma, pigia simu mwenye alikutumia umuulize.

Na ile "imetoka safi" nayo isikupe usingizi. Maana yake tu zile antivirusi hazijaitambua, virusi ya leo asubuhi inaweza kupita, na zip yenye iko na neno la siri hazioni ndani yake.

Kisha tuseme ukweli, virusi yenye inatusumbua zaidi hapa inapita kwa flashi. Mwanafunzi anakuja birotike kuprinti TFC yake (kazi ya mwisho ya masomo), anachomeka, folda zote zimegeuka rakursi, ni kusema alama tu za kufungulia. Anabonyeza, folda inafunguka kama kawaida, haoni kitu, kumbe rakursi imeamsha na virusi pamoja. Kijana wa birotike anaandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na TFC inaonekana tena, kwani ilikuwa imefichwa tu. Ungeituma ile TFC kwa site wangekuambia safi, na ni kweli, dokima ni safi, flashi njo mgonjwa. Na antivirusi ya ile mashini imezimwa tangu siku walikraki Windows. Najua laisensi ni bei, lakini muiwashe tena.

Windows 10 na 11 ziko na Defender ndani, ipe mega za kujisasisha, inaskani hapo hapo kwako. Hata yenyewe ingia kwa mipangilio uzime ile ya kutuma sampuli zenyewe. Mkitaka antivirusi ingine ya bure mchague vizuri: Avast ilikuwa inauza historia ya site zenye watu wanatembelea, na mwaka 2024 Marekani iliilipisha dola milioni 16.5.

Wakubwa wa maasosiasio, hizi listi hata kuzunguka wazi kwa WhatsApp hazingepaswa. Excel iko na sehemu ya kuweka neno la siri juu ya fishie. Wekeni leo, na lile neno msiliandike kwa grupe, mupige simu muliseme kwa mdomo.