Ati Wakenya hawana adabu

Jamani, huu wimbo wa "Wakenya wakorofi, sisi wapole" mtauimba hadi lini? Njooni stendi hapa Dodoma alfajiri muuone huo upole: wapiga debe wanagombania begi la bibi wa watu, mmoja kamshika mkono, mwingine keshapakia kuku wake kwenye basi la Singida, na bibi anaenda Kondoa! Wakurya wako Tarime kwetu, wako na Migori kule Kenya. Huo mpaka unaowagawa walikubaliana Wajerumani na Waingereza mwaka 1886. Sasa adabu nayo inagongewa muhuri pale mpakani Sirari? Kinachonichefua zaidi, kinara wa maneno haya ni Mgogo mwenzangu, ambaye akiitwa ombaomba huko Dar ananuna wiki nzima.