Presha ya Turbo kwa Gari la Kila Siku: Nairobi Ina Hesabu Yake

Wapenzi wa Subaru, Mitsubishi Evo na Golf GTI wakikutana hapa Nairobi, swali halichelewi kuulizwa: niweke presha kiasi gani ya turbo, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini? Jibu hutolewa papo hapo na kwa namba moja, iwe pauni 16, 18 au 20 kwa inchi ya mraba, kana kwamba injini zote zimetoka kiwandani siku moja na zinavuta hewa ile ile. Maoni yangu ni kwamba gari linalopeleka watoto shuleni asubuhi, linalokwama Mombasa Road jioni na linaloteremka pwani mwezi wa Desemba halifai kuwekewa namba iliyochaguliwa kwa siku yake njema. Liwekewe namba ambayo injini itaistahimili siku iliyo mbaya kuliko zote: jua kali, msongamano, na petroli ya kituo usichokijua. Siku hiyo, kwa wakazi wengi wa Nairobi, huwakuta wakiwa mbali na Nairobi.

Tuanze na geji yenyewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Geji ya turbo haionyeshi presha yote ya hewa iliyomo ndani ya manifoldi, yaani bomba linalogawa hewa kwenye silinda. Inaonyesha tu kiasi ambacho turbo imeongeza juu ya hewa iliyopo nje. Katikati ya Nairobi tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 hadi 1,800 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa ina presha ya karibu bar 0.82 (bar moja ni karibu pauni 14.5), ilhali ya Mombasa ni karibu bar 1.01. Kwa hiyo gari likionyesha bar 0.9 kwenye Waiyaki Way, presha halisi ndani ya manifoldi ni bar 1.72; gari hilo hilo likionyesha bar 0.9 pale Nyali, Mombasa, presha halisi ni bar 1.91. Mshale wa geji umesimama palepale, lakini injini inabeba presha iliyozidi kwa asilimia 11 hivi, na mwenye gari hana habari.

Kutokana na hewa yetu nyepesi, gari lisilo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake likilinganishwa na linavyokimbia pwani, na bila shaka hiyo ni sababu moja ya turbo kupendwa sana katika jiji hili. Mapenzi hayo yamezaa wazo ambalo silikubali hata kidogo, nalo ni kwamba kwa kuwa Nairobi inameza nguvu, basi mwenye gari ana haki ya kukaza presha mpaka arudishe alichopoteza. Turbo inayotoa bar 1 juu ya hewa ya Mombasa inaizidisha hewa hiyo mara mbili. Ili ifikie presha halisi ile ile hapa Nairobi, ni lazima iizidishe hewa karibu mara mbili na nusu, maana inaanzia chini. Tuchukue turbo yenye ufanisi wa asilimia 70, na hewa ya nje iwe na nyuzi 25 katika hali zote mbili: katika hali ya kwanza hewa hutoka kwenye turbo ikiwa na joto la karibu nyuzi 118, na katika hali ya pili karibu nyuzi 150, kabla haijafika kwenye intakula, yaani kipoza hewa. Shafti huzunguka kwa kasi zaidi, moshi hubanwa zaidi upande wa ekzosi, na turbo ndogo ya kiwandani, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi wetu, huanza kupuliza joto kuliko inavyopuliza hewa. Namba kwenye geji inapendeza, ila nguvu haziongezeki kwa kadiri hiyo.

Wapo wanaojibu kwamba ikiwa presha halisi ya Nairobi ni ya chini, basi injini iko salama hata ukiongeza kidogo. Jambo hili lina ukweli nusu. Silinda zenyewe hupata nafuu hapa juu, na tofauti hiyo ndiyo inayowafanya mafundi wengine waamini kwamba mpangilio wao hauna kasoro kwa kuwa gari limezunguka Thika Road mwaka mzima bila kulalamika. Lakini nafuu hiyo inapungua kila kilomita unapoteremka kwenda pwani, na ukifika Voi saa nane mchana imebaki kidogo sana, huku joto limepanda na gari limejaa watu na mizigo, tena uko kwenye gia ya juu ukitaka kulipita lori. Kompyuta ya gari la kiwandani huijua hali hii, kwa sababu hupima presha ya hewa ya nje na kurekebisha lengo la turbo kulingana na mwinuko. Ile skrubu ya shaba ya kuongezea presha kwa mkono, inayofungwa kwenye mpira mwembamba wa upepo kati ya turbo na valvu inayoidhibiti, haijui lolote. Imekazwa katika gereji ya Ngara na itabaki ilivyokazwa hadi Likoni, na kwa maoni yangu hiki ndicho kifaa kisichofaa kabisa kwa gari la kila siku katika nchi yenye miinuko kama yetu.

Halafu kuna petroli. Gari la turbo lililotengenezewa soko la Japani limepangwa kutumia petroli yao ya okteni ya juu, yaani inayostahimili kukandamizwa bila kulipuka yenyewe, ambayo vituo vya huko huiuza ikiwa karibu okteni 100. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Maana yake ni kwamba hata kabla fundi hajagusa chochote, gari hilo tayari limekatwa sehemu ya usalama ambao mhandisi wake aliuhesabu, na kompyuta inaishi kwa kurudisha nyuma muda wa cheche, yaani kurekebisha wakati plagi inapowasha petroli. Ukiongeza presha juu ya hali hiyo, unatumia akiba ambayo imekwisha kutumika. Uchanganyaji wa mafuta nao si hadithi: mwaka 2018 serikali ilianzisha ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kupunguza faida ya kuyachanganya na mafuta ya magari, hasa dizeli, na mafuta taa yakiingia kwenye petroli hushusha okteni. Injini mpya zaidi hazina nafasi kubwa ya kosa. Injini ya FA20 ya Subaru WRX hukandamiza hewa kwa uwiano wa 10.6 kwa 1, ilhali injini ya EJ207 ya Subaru STI za zamani ilikuwa na 8 kwa 1, kwa hiyo namba ya presha iliyosimuliwa na mwenye gari la zamani haihamishiki kwa mwenye jipya.

Joto la msongamano linastahili kuzungumzwa kwa kirefu, kwa sababu ndilo linalotofautisha gari la kila siku na gari la mashindano. Simama karibu na Impreza au Forester ya turbo iliyotoka kukaa nusu saa kwenye foleni ya Bellevue, kisha weka kiganja juu ya tundu la boneti, bila kugusa. Joto linalopanda pale linatoka kwenye intakula, ambayo kwenye Subaru nyingi imelala juu ya injini na hupoa tu gari likiwa katika mwendo. Aluminiamu hiyo imekuwa ikiokwa muda wote ambao gari limesimama. Sasa foleni inafunguka, mtu anapanda Expressway, analipa, kisha anakanyaga mafuta hadi mwisho kwenye njia ya kuingilia: mvuto wa kwanza kabisa unapita katika intakula yenye moto. Jambo la hatari zaidi ni kwamba katika Subaru nyingi zenye injini za familia ya EJ sensa ya joto la hewa imefungwa pamoja na sensa ya kupima hewa, karibu na boksi la kichujio, kabla ya turbo. Kompyuta inasoma hewa ya kabla ya turbo na kudhani mambo ni shwari, wakati hewa inayoingia kwenye silinda ni nyingine kabisa. Ndiyo maana naona presha iliyopimwa asubuhi na mapema, barabara ikiwa tupu na injini ikiwa imepumzika, haina thamani kubwa kama ushahidi wa usalama.

Kinachoua injini katika hali hizi ni kugonga, yaani mchanganyiko wa petroli na hewa kulipuka wenyewe ndani ya silinda badala ya kuungua kwa mpangilio kutoka kwenye plagi. Ukiwa ndani, na madirisha yamefungwa na muziki unacheza, hutausikia. Kompyuta huusikia kupitia sensa iliyofungwa kwenye bloku, na kwa kifaa cha kuchomeka chini ya dashibodi na programu inayofaa unaweza kurekodi uamuzi wake. Katika Subaru nyingi utaona muda wa cheche ukirudishwa nyuma kwa hatua ya nyuzi 1.4 za mzunguko wa injini. Hatua moja mara moja moja, gari likibadilisha gia au likipita kwenye tuta, haitishi. Hatua mbili au tatu zinazojirudia mahali pale pale, kwa mfano kati ya mizunguko 3,000 na 4,000 kwenye gia ya nne, ni injini inayosema kwamba presha hiyo haiiwezi. Kwenye EJ25 za turbo matokeo yanajulikana na kila fundi wa Grogan: kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi huvunjika, gari likaanza kumeza oili na kutikisika likiwa limesimama, na mwenye gari akaambiwa habari za injini nzima.

Kwa hiyo namba zangu ni hizi, na najua zitawakera baadhi ya vijana. Gari lenye turbo na pistoni za kiwandani, linaloendeshwa kila siku hapa Nairobi, libaki kwenye presha ya kiwandani, au lizidi kwa bar 0.1 tu, na hilo likubaliwe endapo kompyuta imetyuniwa upya kwa petroli ya hapa na rekodi zimeonyesha kwamba hakuna kugonga. STI za EJ25 zilitoka zikiwa na takriban bar 1, na WRX ya FA20 ya mwaka 2015 karibu bar 1.1, nami sioni sababu ya gari la kwenda kazini kutafuta bar 1.4. Umbo la presha hiyo lina uzito kuliko kilele chake. Presha kubwa inayofika mapema, injini ikiwa na mizunguko 2,500 kwenye gia ya nne, unapoupanda mlima wa kutoka Westlands kuelekea Kikuyu, huibana silinda kwa muda mrefu na kuitesa kuliko presha ile ile ikifika kwenye mizunguko 4,000. Fundi mzuri huiacha ipande taratibu, na kuishusha tena juu kabisa, mahali ambapo turbo ndogo imechoka.

Ekzosi kubwa nayo ina lake. Ukibadilisha bomba linalotoka kwenye turbo ukaweka pana bila kugusa kompyuta, turbo inapumua kwa urahisi zaidi na presha inaweza kupanda yenyewe kupita lengo, kwa kuwa valvu ya kupitishia moshi pembeni haitoshi kuidhibiti. Wengi hununua ekzosi kwa ajili ya sauti, nami sauti hiyo naipenda pia, ila wanapaswa kujua kwamba wamebadilisha presha hata kama hakuna aliyeshika skrubu. Ukiwa na pesa ya kutumia, anza na vitu visivyoonekana kwenye geji: mipira ya upepo iliyopasuka, plagi, pampu ya petroli iliyochoka, radieta, oili inayobadilishwa kwa wakati. Mpira mmoja unaovuja huilazimisha turbo kufanya kazi ya ziada ili kufikia namba ile ile.

Hoja ya mashindano huja kila mara, na naielewa, kwa sababu Impreza ilishinda Safari Rally mwaka 1997 ikiwa mikononi mwa Colin McRae na tena mwaka 2000 ikiwa na Richard Burns, na mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayakuanguka kutoka mbinguni. Lakini injini ya timu ya mashindano hufunguliwa na kujengwa upya kwa ratiba, petroli yake inajulikana, na wahandisi huketi na data yake kila jioni. Gari lako linafunguliwa boneti likianza kunguruma vibaya. Bima yako pia iliandikwa kwa gari la kiwandani, kwa hiyo wajulishe mabadiliko kabla ya ajali, wasije wakayagundua wenyewe baadaye.

Unapokwenda kwa fundi wa kutyuni, usimuulize ameweka pauni ngapi. Muulize presha halisi ni ngapi, uwiano wa hewa na petroli ukoje turbo inapopuliza kwa nguvu zote, sindano za petroli zinafunguka kwa asilimia ngapi ya muda wao, na akuonyeshe rekodi. Sindano zikizidi asilimia 85, zinakaribia mwisho wa uwezo wake wa kutoa petroli. Kwa uwiano huo wa hewa na petroli, lambda (kipimo ambacho 1 ni mchanganyiko kamili na chini ya hapo petroli imezidi) ya karibu 0.80 ni mahali pa busara kwa petroli yetu. Fundi anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu.

Kisha rekodi mara tatu: asubuhi yenye baridi, jioni baada ya msongamano, na safarini kwenda pwani, abiria akishika kompyuta wewe ukishika usukani. Rekodi ya tatu ndiyo inayoamua. Ikionyesha kugonga ambako hakukuwepo Nairobi, shusha presha huko huko Voi, wala usiirudishe ukishapanda tena.